Deki haisomi CD ya MP3 uliyochoma? Angalia ilivyochomwa kabla ya kulaumu lenzi

Ndugu wa Kisauni, umesema umechoma CD mbili za MP3: ya kwanza deki inaimba nusu tu ya nyimbo, tena kwa mpangilio wa ajabu, na ya pili inaandika "No Disc". Usikimbilie kwa fundi kubadilisha lenzi. Dalili hizo mara nyingi hutokana na namna CD ilivyochomwa.

Hata hivyo deki ipimwe kwanza, ni kazi ya dakika tano. Tafuta neno MP3 kwenye uso wake au kwenye kitabu chake. Lisipokuwepo, deki hiyo inajua CD ya muziki ya kawaida tu, ile ya dakika 80, na hakuna ujanja. Likiwepo, tia CD halisi ya dukani, kisha DVD. DVD ikicheza vizuri na CD zote zikakataliwa, hata ile halisi, hapo ndipo pa kushuku lenzi, kwa sababu DVD husomwa kwa leza nyekundu ya nanomita 650 na CD kwa leza nyingine ya nanomita 780. Moja inaweza kuchoka na mwenzake akawa mzima. CD halisi ikicheza na ya kuchoma ikagoma, rudi kwenye kompyuta.

Kosa linaloharibu CD nyingi liko kwenye Windows. Ukiingiza CD tupu unaulizwa uitumie vipi: "Like a USB flash drive" au "With a CD/DVD player". Wengi huchagua ya kwanza kwa kuwa ni rahisi, unaburuta faili tu. Lakini hiyo huandika kwa mfumo wa kupanga faili uitwao UDF, ambao deki nyingi za nyumbani haziujui, na huo ndio mwanzo wa "No Disc". Chagua ya pili. Bora zaidi tumia ImgBurn, programu ya kuchoma CD isiyo na malipo: kwenye Build, upande wa Options, weka mfumo wa faili ISO9660 + Joliet. Ukiwa na Linux, K3b inatosha.

CD ichomwe yote kwa mkupuo mmoja, kisha ifungwe. Ukichoma nyimbo 60 leo na 80 kesho juu yake, kompyuta itaona zote 140, ila deki nyingi husoma kikao cha kwanza tu, yaani uchomaji wa kwanza, na zile 80 ni kama hazipo. Kasi weka 16x au 24x. Ya 52x huacha alama hafifu ambazo lenzi iliyochoka hukwama nazo. Kwenye programu ya kuchoma, weka tiki kwenye Verify ili CD ihakikiwe ikishachomwa. Na tumia laptopu yenye chaji, maana stima ikipotea katikati ya kazi, CD-R hiyo, yaani CD ya kuchomwa mara moja tu, hairudi tena. CD-RW, ile ya kufutwa na kuchomwa tena, usiihangaikie kwa deki ya zamani: hurudisha mwanga kidogo mno kuliko CD-R, na lenzi haioni kitu.

Sasa faili zenyewe, na hapa ndipo nyimbo zako zilizokaa kimya zinapotiliwa shaka. Faili nyingi zinazoshushwa intaneti ni m4a au opus, aina nyingine za faili za sauti. Mtu akibadilisha jina mwishoni likawa .mp3, kilichomo ndani ni kile kile. Kompyuta huvumilia, deki huruka au hukwama. Geuza kweli kwa programu ya ffmpeg, kwa amri hii:

ffmpeg -i wimbo.m4a -c:a libmp3lame -b:a 192k -ar 44100 -id3v2_version 3 wimbo.mp3

Hiyo 192k ni kiwango cha data, kilobiti 192 kwa sekunde, kisichobadilika. Kile kinachopanda na kushuka, VBR, deki nyingi hukicheza, ila saa ya kwenye skrini hudanganya na kusogeza mbele huruka hovyo. Ile 44100 ni kasi ya sampuli ya CD ya kawaida, salama kwa deki zote. Sehemu ya -id3v2_version 3 huandika lebo za ID3 (jina la wimbo na msanii ndani ya faili) kwa toleo la 2.3, ambalo deki hulielewa kuliko 2.4. Ondoa na picha za jalada, kwani picha kubwa ndani ya faili huchelewesha wimbo kuanza.

Hesabu ya nafasi: CD ya MB 700 huchukua kama saa 12 za muziki kwa kilobiti 128, saa 8 kwa 192, saa 5 kwa 320. Taarabu ya dakika 10 kwa 192 ni takriban MB 14, kwa hiyo tegemea nyimbo 50 hivi. Kwa spika za sebuleni 192 yatosha. Kupandisha faili ya 128 hadi 320 hakurudishi sauti iliyokwishatupwa, unajaza CD bure.

Mpangilio: deki hupanga kwa herufi, si kwa akili. Jina linaloanza na 1 litafuatwa na 10, 11, kisha ndipo 2. Andika 01, 02, au 001 zikizidi 99. Majina yawe mafupi, bila alama za ajabu wala herufi za Kiarabu, ambazo deki nyingi huonyesha kama visanduku. Gawa folda: taarabu, bango, chakacha, kaswida. Folda moja ya nyimbo 140 ni adhabu kwa mwenye rimoti. Usizamishe folda ndani ya folda zaidi ya mara moja, na soma kitabu cha deki kujua idadi ya mwisho ya faili, kwani zinazozidi hazionekani kabisa.

Nyimbo zilizotolewa kwenye kanda huwa na sauti ya chini na za siku hizi ya juu. Pitisha zote kwenye MP3Gain, programu ya kusawazisha sauti, kwa 89 dB kabla ya kuchoma. Inabadilisha kiwango ndani ya faili bila kugeuza upya, kwa hiyo sauti haipungui ubora na unaweza kurudisha nyuma.

Mwisho ni hewa yetu ya pwani. Usigandishe karatasi ya jina juu ya CD. Gundi huachia kwa unyevu, karatasi huinuka, CD huyumba ndani ya deki. Andika kwa kalamu laini ya wino wa CD, kamwe si bairo, kwani tabaka linalorudisha mwanga liko chini kidogo tu ya upande huo wa juu. Usiiache dashibodini wala dirishani, jua hula rangi inayobeba data. Ukifuta, toka katikati kuelekea ukingoni, usizungushe. Lenzi ikishika ukungu wa chumvi, chomoa deki kwenye stima, kisha isopropili kidogo kwenye pamba ya masikio, gusa taratibu bila kukandamiza, na uiache ikauke kabla ya kuwasha.