Sikukuu ya Mavuno Dodoma: panga ghala kabla ya kupanga mnada

Kamati nyingi za mavuno huanza kikao chao kwa kuuliza mgeni rasmi atakuwa nani, nani atanadi, na kwaya zipi zialikwe. Hayo yana nafasi yake, lakini swali linaloamua kama sadaka ile itafaa kitu ni jingine: nafaka itakayoletwa italala wapi Jumapili usiku, na itamlisha nani Januari? Hapa kwetu mtu anayeleta debe la uwele madhabahuni ameligawa kutoka kwenye chakula cha nyumba yake. Debe hilo likioza stoo, au likiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna aliyeandaa magunia, tumemkosea yeye na tumemkosea Mungu aliyemtolea.

Tuanze na tarehe. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na katika mwaka wa kawaida hufika kati ya milimita 500 na 600 tu. Mahindi na karanga hutoka shambani Mei na Juni. Uwele, mtama na alizeti hufuata Juni hadi Julai, kisha kuna kukausha, kupura na kupepeta. Kanisa linaloweka sikukuu Juni mwanzoni hupokea ahadi na masuke mabichi. Linalosubiri mpaka Septemba hukuta nafaka imeshakwenda soko la Kibaigwa, imelipa madeni, imepikiwa harusi. Jumapili mbili za mwisho za Julai ndizo zinazofaa sehemu nyingi. Wiki ya kwanza ya Agosti iepukeni, kwa sababu ya Nane Nane: vijana na wanakwaya wengi wanakuwa viwanja vya Nzuguni, na magari ya mizigo hayapatikani.

Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi, Hombolo, Bihawana na kwingineko huvuna zao la kiangazi Agosti na Septemba. Msisogeze sikukuu nzima kwa ajili yao. Watengeeni Jumapili yao ndogo, na mnunuzi awe ameshajulikana kabla ya siku hiyo, maana zabibu zikikaa juani kutwa nzima zinaanza kuchacha na kuvutia nyuki. Malimbuko nayo ni jambo la peke yake: mahindi mabichi, maboga, kunde na matango ya Machi hayawekwi stoo. Yapelekwe siku hiyohiyo kwa wazee na wagonjwa wa mtaa.

Tangazo litolewe wiki sita kabla, lirudiwe kila Jumapili, na liseme mambo kwa uwazi. Kusema tu "leteni mazao" hakutoshi. Semeni: nafaka iwe imekauka, imepepetwa, haina mchanga, iletwe Jumamosi, kwenye mfuko au gunia lenye jina la mtaa wako. Waumini wafanyakazi wa mjini, ambao Dodoma wameongezeka sana tangu serikali ihamie, nao wanahitaji maelekezo yao. Wengi wanataka kushiriki ila hawana shamba, kwa hiyo huishia kuleta bahasha na katoni ya sabuni. Bahasha ni sadaka kamili, na isidharauliwe. Lakini kama parokia ya mjini ina mtaa wa kijijini, yaani tawi dogo la kanisa, inaoulea, waambieni wanunue gunia moja kwa mkulima wa mtaa ule na kulileta kama sadaka yao. Mkulima anapata bei halali bila dalali, na kanisa linapata nafaka ambayo asili yake inajulikana.

Jumamosi ya kupokea

Kupokea nafaka Jumapili asubuhi ndiko kunakoharibu kazi. Watu ni wengi, ngoma zinalia, kila mtu anamimina alichobeba kwenye rundo moja mbele ya madhabahu, na debe moja la mahindi mabichi linachanganyika na magunia manne makavu. Kuanzia hapo rundo lote lina unyevu. Kwa hiyo pokeeni Jumamosi, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni, na Jumapili kila mtaa uingie kanisani na kapu moja au ungo mmoja kwa niaba ya mzigo wote uliokwisha kupimwa.

Watu watano wanatosha: mzee wa kanisa mmoja, mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mhazini, na vijana wawili wenye nguvu. Vifaa ni mizani ya kuning'iniza inayobeba hadi kilo 100, miti mitatu ya kuifungia, maturubai mawili, ungo, sindano ya kushonea magunia na kamba, kitabu cha stakabadhi chenye nakala, na chupa ya kioo yenye kizibo.

Chupa hiyo ni ya kupima unyevu, na tunaomba kamati isione uvivu katika hili. Chukueni chupa kavu kabisa ya takribani mililita 750. Jazeni nafaka hadi theluthi yake, ongezeni vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu ya mezani, funikeni, tikiseni kwa nguvu dakika moja, kisha acheni itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na haifai kufungwa. Ianikwe tena juu ya turubai siku mbili au tatu. Chumvi ikibaki chini bila kugandia kioo, nafaka inaweza kuhifadhiwa. Chumvi yenyewe ikiwa na unyevu kipimo kinadanganya, kwa hiyo ikaangeni kidogo kwanza na muiache ipoe.

Sababu ya ukali huu ni sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Inatokana na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizoanikwa chini kwenye udongo, zilizonyeshewa, au zilizofungwa kabla ya kukauka. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Basi pasiwe na punje inayoanikwa kwenye udongo wa uwanja wa kanisa, hata kwa saa moja. Karanga zichambuliwe kwa mkono: zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye rangi ya kijani au nyeusi ziondolewe na kuzikwa. Zisipewe kuku wala zisipelekwe kwa mpika pombe, kwa sababu sumu inamfuata mlaji hukohuko. Aliyeleta karanga mbovu asiaibishwe mbele za watu. Mama wa kamati amwite pembeni, amweleze.

Kila mzigo upimwe kwa kilo. Debe la mahindi, la uwele na la alizeti hayalingani uzito; alizeti ni nyepesi sana. Mkiandika "madebe 40" bila kusema ya nini, mwisho wa siku hesabu haitafungana na mtaanza kushukiana bure. Magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi, yafunguliwe yapimwe upya, kwani mnunuzi wa kesho atataka ujazo uleule. Kwenye daftari safu nne zinatosha: namba ya stakabadhi, mtaa, zao, kilo. Jina libaki kwenye stakabadhi ya mtoaji.

Hilo la majina tunalisimamia kwa nguvu. Kusoma kanisani kwamba fulani ametoa gunia tatu na fulani kisado kimoja huwafukuza wajane. Mwaka unaofuata mama yule hatoi kisado chake, na hata ibada yenyewe haji. Someni jumla ya kila mtaa, basi.

Ibada na mnada

Mapambo ya masuke ya mtama, mabua na maboga yafungwe Jumamosi jioni, mbali na nyaya za umeme na feni, na yatolewe Jumatatu. Yakikaa wiki mbili, wadudu wanahamia kwenye mabenchi na kwenye stoo.

Maandamano ya kuingiza mazao ndiyo mahali pa ngoma zetu. Akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, na zeze likiwa karibu na kipaza sauti, watu wanaimba kwa mwili mzima, na wazee wasiofuata nyimbo za vitabuni wanajiona wako nyumbani. Kwaya za kinanda zipewe wimbo mmoja mmoja. Kwaya sita zenye nyimbo tatu tatu zitaufikisha mnada saa 9 alasiri, na wanunuzi wenye fedha watakuwa wameshaondoka.

Mnada ufanyike nje, baada ya baraka. Anzeni na vinavyoharibika: mayai, mboga, matikiti, maziwa. Wafuate kuku, ambao tangu asubuhi wawe kivulini na maji, miguu imefungwa kwa kitambaa badala ya waya. Mbuzi mwishoni. Mnunuzi akilirudisha yai au jogoo ili linadiwe tena, mwandishi aandike mstari mpya kila mara, maana hapo ndipo fedha nyingi hupatikana na ndipo hesabu hupotea.

Malipo yawe siku hiyohiyo, taslimu au kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kanisa. Simu ya mhazini isitumike, hata awe mtu mwaminifu kiasi gani. Inamwekea yeye mtego na inawapa wengine maneno. Ahadi za "nitalipa mwisho wa mwezi" zipokelewe kwa kitu kidogo tu, na kitu kibaki kwa kamati mpaka kilipiwe. Anayedaiwa mbuzi na kanisa huanza kukaa benchi la nyuma, kisha haonekani.

Nafaka yenyewe isinadiwe. Julai bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Itakayolazimika kuuzwa iuzwe kwa kilo, baada ya watu wawili tofauti kuulizia bei Kibaigwa na soko la Majengo wiki hiyohiyo, na mauzo yawekwe sahihi za watu watatu.

Chakula cha siku kisiwachoshe akina mama. Makande yanatosha: kwa watu 100, kilo 12 za mahindi yaliyokobolewa na kilo 6 za maharage, vyote vilowekwe usiku kucha ili kuni zisiishe. Maji ya kunywa yasipungue lita 200.

Stoo mpaka Januari

Kabla ya kuuza hata gunia moja, kamati ijue idadi ya kaya zitakazohitaji chakula wakati wa kifuku, kuanzia Desemba hadi Machi, ghala za nyumbani zinapokuwa tupu na jembe linataka nguvu. Hesabu ni rahisi. Kaya ya watu watano hutumia kama kilo 2 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kilo 50 ni siku 25. Kaya 12 zikipewa kilo 50 kila moja ni kilo 600, yaani magunia sita. Hayo sita yatengwe kwanza, ndipo kinachobaki kijadiliwe kama ni cha kuezekea nyumba ya mchungaji au cha kulipia madeni.

Mahindi ya kuweka yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Dumuzi wanaotoboa punje, ambao wakulima wanawaita Scania, hukosa hewa humo na kufa bila dawa. Jazeni mfuko wa ndani huku mkiutikisa, acheni sentimita 30 juu, kamueni hewa, usokoteni shingo, ukunjeni na kuufunga kwa kamba ya mpira. Fanyeni hivyo kwa mfuko wa pili, kisha kiroba. Msiufungue kuchungulia, kila mkifungua mnawaletea wadudu hewa. Mifuko ikae juu ya mbao, nusu mita kutoka ukutani, na stoo isiwe na makombo, kwa sababu panya mmoja akitoboa plastiki kazi yote imekwisha.

Mtama na uwele wa mbegu utunzwe ukiwa bado kwenye masuke. Ombeni tangu Juni masuke makubwa, yaliyokomaa vizuri, yasiyo na ugonjwa. Kilo 3 hadi 4 zinatosha ekari moja, hivyo kilo 40 zinaweza kupandia wajane kumi. Mahindi ya mbegu chotara msiyatunze kwa kupanda, kwani msimu wa pili mavuno yake hushuka. Mbegu zigawiwe Novemba, kabla ya mvua. Zikigawiwa pamoja na chakula cha Januari zitaishia kwenye sufuria, na hakuna wa kumlaumu mtu mwenye njaa.

Orodha ya kaya iandaliwe na viongozi wa mitaa, ipitiwe na wazee, na iwaingize majirani wasio Wakristo wanaojulikana kuwa na shida. Mgao upelekwe nyumbani na watu wawili. Foleni mlangoni mwa kanisa inawaumbua wenye shida, na wapo watakaoona heri walale njaa kuliko kuonekana pale. Mfuko ukishamiminwa urudi stoo: ujazeni upepo, ubaneni shingo, usikilizeni. Usiovuja unatumika tena msimu ujao, na unaovuja uandikwe kwenye bajeti ya Juni ili ununuliwe mwingine kabla tangazo la mavuno halijasomwa.