"Wiki hii" ni ipi?

SWALI: Sisi ni wahariri wa kujitolea wa wiki inayokusanya habari za eneo letu, na yeyote anaruhusiwa kuihariri. Katika mwongozo wetu wa uandishi tuliweka sentensi hii: "Makala zote za wiki hii zifuate kanuni zifuatazo." Mhariri mgeni akaelewa kuwa kanuni ni za siku saba tu. Je, tubadilishe neno? Na vichwa vya makala viandikwe kwa herufi kubwa wapi? Tena, kanuni ziseme "andika" au "iandikwe"?

JIBU: Mgeni wenu hakukosea. Aliisoma sentensi kama ilivyoandikwa. Tuna maneno mawili yaliyokutana kwenye tahajia moja. Wiki ya siku saba tuliipata kwa Kiingereza. Wiki ya kuhaririwa na wengi asili yake ni Kihawaii, ambako "wikiwiki" ni haraka. Ward Cunningham, mtunzi wa programu za kompyuta, ndiye aliyeiita tovuti yake WikiWikiWeb mwaka 1995, na jina likaenea. Kwa kawaida ngeli inatusaidia kutenganisha maneno ya namna hii. Kaa wa baharini na kaa la moto hawachanganyiki, maana upatanisho unasema. Hapa upatanisho hausemi kitu: zote mbili ni wiki hii, wiki hizi.

Ushauri wangu ni kwamba tovuti iitwe "wiki yetu", na siku saba ziitwe "juma". Najua wengi wetu tunasema wiki tunapotaja siku saba, na simkatazi mtu kusema hivyo. Lakini mwongozo hutaja siku saba mara chache, basi kuazima "juma" mara hizo chache hakumlemei mtu.

Ndani ya makala zenyewe tatizo ni kubwa kuliko neno moja, na ningependa mlipe nafasi pana katika mwongozo wenu. Gazeti lina tarehe juu ya ukurasa, kwa hiyo "wiki hii" ya gazetini inajulikana ni ipi. Ukurasa wa wiki unasomwa leo, unasomwa tena miaka 6 baadaye, na aya moja huenda ni ya mwaka huu huku inayofuata ikiwa ya zamani. "Hivi karibuni", "mwaka jana", "siku hizi", "mwenyekiti wa sasa": yote haya yanaoza bila mtu kuyagusa. Itajwe tarehe au mwaka. Kama jambo bado linaendelea, isemwe "hadi mwaka 2024", ili msomaji ajue taarifa ilifika wapi.

Vitenzi navyo vinaficha wakati. "Maktaba imefungwa" ina maana mbili tukiwa tumesimama mlangoni: leo, au moja kwa moja. Ikiwa kwenye ukurasa, inazidi kupotea. Kiambishi -me- hushika hali iliyopo wakati msemaji anaposema, na msomaji wa wiki hajui msemaji alisema lini. "Maktaba ilifungwa mwaka 2019" inatosha. Ikiwa ilifunguliwa tena, sentensi ya pili ieleze. Vivyo hivyo "daraja lilijengwa mwaka 1998", si "limejengwa mwaka 1998".

Saa nazo msiziache. Kiswahili huhesabu saa kuanzia macheo, ila vibao vingi vya milangoni huandikwa kwa hesabu ile nyingine. Mhariri akinakili "8:00" kutoka kibaoni bila neno la kuifuata, msomaji ataelewa saa nane mchana, naye atafika saa sita nzima baada ya mlango kufunguliwa. Iandikwe "saa 2:00 asubuhi". Neno la kipindi cha siku lisiachwe kamwe, hata pale mwandishi anapoona ni dhahiri.

Sasa herufi kubwa. Kiswahili huzitumia mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina mahususi. Desturi ya kukweza kila neno la kichwa si yetu, na "la", "ya" na "wa" hazikwezwi hata ndani ya jina. Swali la kujiuliza ni moja: hili ni jina, au ni maelezo? Kama watu hupaita mahali pale Soko la Zamani, kichwa ni "Soko la Zamani". Kama ni soko lililokuwapo zamani tu, ni "Soko la zamani". Uamuzi huu si wa urembo. Katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, herufi ya kwanza ya kichwa haijali ukubwa, lakini zinazofuata zinajali, hivyo vichwa hivyo viwili ni kurasa mbili. Msipokubaliana mtapata makala mbili za kitu kimoja, kila moja na nusu ya habari.

Hapo hapo kuna jambo linalonifurahisha. Programu hiyo huunganisha herufi zinazofuata mabano ya kiungo, kwa hiyo [[soko]]ni huonekana "sokoni" na kumpeleka msomaji kwenye Soko. Mahali petu pa -ni pamepata njia fupi. Wingi haukubahatika hivyo, maana sisi huugeuza mbele ya neno: mito itabidi iandikwe [[Mto|mito]], yaani jina la ukurasa kwanza, kisha neno litakaloonekana.

Kuhusu "andika" na "iandikwe", mimi napendelea "iandikwe" kwa kanuni. Umbo hilo linaweka uzito kwenye maandishi, na halimfanyi mhariri mmoja aonekane mkubwa wa wenzake. "Huandikwa" linavutia kwa upole wake, lakini linaeleza mazoea tu. Mgeni hajui kama limemfunga au limemsimulia. "Andika", "bonyeza", "hifadhi" ziachieni hatua za kazi, ambako kila mtu hutarajia kuelekezwa moja kwa moja. "Lazima" na "marufuku" ziwekeeni mambo mazito, kama kunakili kazi ya mtu au kuanika siri za mtu aliye hai. Zikitumika hata kwa mkato na nukta, siku ya jambo zito hazitasikika.

Mwisho, "makala zote". Wapo waandishi wazuri wanaosema makala hii, makala hizi, na wapo wanaosema makala haya. Ninyi mmekwisha kuchagua. Basi chaguo hilo liandikwe kwenye mwongozo, lisibadilike kati ya ukurasa na ukurasa. Sentensi yenu ningeiandika hivi: "Makala zote za wiki yetu ziandikwe kwa kufuata kanuni hizi."