Mmeniuliza kama bado nasali huku

Mama zangu na dada zangu wa maombi ya Jumatano hapo Kisauni, Mombasa, Bwana asifiwe. Mmeniuliza kama huku Uingereza bado nasali au nimepoa. Nasali. Ila si kama nilivyosali nyumbani, na afadhali niseme wazi, kwa sababu wako mabinti zetu wanaojiandaa kuja.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Zamu moja huchukua saa 12, mara nyingi usiku, na Jumapili ni siku ya kazi. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, basi naingia kazini giza na kutoka giza. Huyu umgeuze kitandani, yule umwogeshe, mwingine anakata roho umemshika mkono. Unavua glavu, unaingia chumba cha pili. Na Machi 2024 walimzuia anayekuja kwa kazi hii kuleta mume wala watoto, kisha Julai 2025 wakafunga viza mpya za kazi hii kwa walio nje. Uchovu wa mgongo ukilala unapungua. Ule mwingine unaamka nao.

Wengine mnaniambia nifunge na kukesha zaidi. Nawapenda kwa hilo, lakini siafikiani nanyi. Someni tena 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, sasa anamkimbia Yezebeli, ameketi chini ya mretemu anaomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akamwambia, “Inuka, ule.” Palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala. Kuulizwa anafanya nini kulikuja baadaye, huko Horebu, baada ya mwendo wa siku 40.

Basi nikitoka zamu nala kwanza. Halafu Zaburi ya 121, kwa Kiswahili, kwa sauti: yeye anilindaye hasinzii. Mimi ninayekesha kulinda wazee wa watu, asubuhi ananilinda asiyelala, nami nafumba macho. Siku nyingine siongezi neno baada ya hapo, na sijioni nimemwibia Mungu.

Nawaza sana watu wa kwanza wa Frere Town, hapo kwetu Mombasa, waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa wakawekwa hapo kuanzia 1875. Nimepita Kengeleni, penye kengele yao, utoto wangu wote bila kujiuliza walisalije, hali hawaijui tena njia ya kwao. Sijilinganishi nao, mimi nilipanda ndege kwa hiari yangu. Lakini kanisa letu lilianza na watu waliochoka hivyo, na hilo linanishika.

Kwa hiyo mkikutana Jumatano, nirekodini mkiimba, mnitumie. Na binti anayekuja kwa kazi nyingine ya zamu, kabla hajatia sahihi mkataba, aulize zamu za usiku ni ngapi kwa wiki, na aombe walau Jumapili moja ya mapumziko kila mwezi, iandikwe.