Sanduku la babu: picha za angani za wakati wa vita na harufu ya siki

Swali: Assalaam alaikum, mzee. Tukikarabati nyumba ya bibi hapa Kibokoni, Mombasa, tulikuta sanduku la bati chini ya ngazi. Marehemu babu alikuwa msaidizi kwenye chumba cha giza cha jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili. Ndani mna picha 80 hivi, nyeusi na nyeupe, zilizopigwa kutoka kwenye ndege, na mikebe mitatu ya filamu inayonuka siki. Picha nyingi zinafanana kama moja iliyorudiwa. Ami anasema tuvianike vyote juani, tuzipanguse picha kwa kitambaa chenye maji, tuchague kumi nzuri tuzitie kwenye simu, na filamu tutupe. Unashaurije? Na yale maandishi ya pembeni yana maana gani?

Jibu: Wa alaikum salaam, mwanangu. Mwombe ami asubiri kidogo, kwa heshima zote. Nimeshughulika na nyaraka na picha za zamani miaka mingi katika unyevu huu wetu wa pwani, na katika hayo manne aliyosema hakuna hata moja ambalo ningeliruhusu.

Nianze na zile mnazoona zimerudiwa, kwa sababu hapo ndipo mali ilipo. Ndege ya upelelezi ilikwenda mstari ulionyooka huku kamera ikipiga kila baada ya sekunde kadhaa, na kwa kawaida kila picha ilibeba kama asilimia 60 ya eneo la picha iliyotangulia. Ilifanywa makusudi. Ukiweka mbili zinazofuatana chini ya stereoskopu, kifaa chenye lenzi mbili, jicho la kushoto likaona moja na la kulia nyingine, ardhi inainuka: minazi inasimama, mapaa yanaachana na barabara, meli inatoka majini. Huko Medmenham, Uingereza, wasomaji wa picha walifanya kazi hivyo usiku na mchana. Mwishoni mwa 1943 mmoja wao, Constance Babington Smith, aliona kwenye picha za Peenemünde, Ujerumani, kitu kidogo mno kimekaa juu ya njia ya kurushia: bomu lenye mabawa lililokuja kuitwa V-1. Ukitupa moja katika jozi, iliyobaki inalala bapa na urefu wa vitu huupati tena kwa njia hiyo. Kwa hiyo usichague nzuri. Zote 80, na kwa mpangilio ule ule mlioukuta.

Pwani yetu inaijua kazi hii tangu zamani. Ule mzinga wa manowari ya Kijerumani, Königsberg, ulioko Fort Jesus ulitoka kwenye meli iliyojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Ndege zilisaidia kujua ilipokuwa, na Julai 1915 zilizunguka juu yake zikiwaelekeza wapiga mizinga wa Uingereza hadi ikaangamia.

Sasa maandishi. Kwenye picha za jeshi la anga la Uingereza, ule ukanda wa pembeni kwa kawaida unakupa nambari ya safari ya ndege, nambari ya picha, kikosi, tarehe, urefu wa fokasi ya lenzi (yaani umbali wa lenzi hadi filamu) kwa inchi, na kimo cha ndege kwa futi. Tuseme umesoma inchi 20 na futi 20,000. Inchi 20 ni futi 1.67, gawa 20,000 kwa hiyo, unapata 12,000. Yaani sentimita 1 ya picha ni mita 120 ardhini, mradi picha haikukuzwa wakati wa kusafishwa. Kwa nambari hiyo hiyo unaweza kuuliza kama picha dada zipo kwingine. Mkusanyo mkubwa wa picha za angani uko Edinburgh, Scotland, kwenye National Collection of Aerial Photography, pamoja na picha za upimaji wa makoloni baada ya vita.

Niliwahi kuletewa picha tatu za hori moja la bahari, safi kabisa, lakini mwenyewe alikuwa amekata kingo kwa mkasi zienee kwenye fremu. Mwaka, kimo, zamu ya picha, vyote vimekwenda na vile vipande. Nilikaa nazo wiki mbili na ramani mezani, nikapata hori lenyewe, tarehe sikuipata. Bado naumia nikizikumbuka. Msikate chochote.

Harufu ya siki ni asidi ya asetiki inayotoka kwenye filamu ya asetati inapooza. Joto na unyevu huichochea, na asidi yenyewe huzidi kuichochea, ndiyo maana filamu inayonuka hukaa mbali na nzima. Lakini kwanza angalieni ukingo wa kila filamu kama pameandikwa SAFETY. Pasipo neno hilo, na filamu ikawa ya njano au kahawia, inanata, ina harufu kali inayochoma pua, ichukulieni kuwa ya naitreti. Kodak iliendelea kutengeneza filamu za ndege za naitreti hadi 1942, hivyo si jambo la kudharau. Naitreti iliyooza huweza kuwaka yenyewe ikipata joto la kupita nyuzi 40, na ikiwaka huwezi kuizima kwa kuinyima hewa. Mkiianika juu ya dari, jua la kaskazi, mnaitakia moto nyumba ya bibi. Msiijaribu kwa kiberiti, msiifungie kwenye mkebe usiopumua. Itoeni nje ya nyumba, ikae kivulini, mbali na moto, na muwaite watu wa Nyaraka za Taifa, wana ofisi Mombasa.

Ya asetati itieni kwenye mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, hewa ikamuliwe, iingie kwenye friza, mbali na samaki. Siku ya kuitoa, mfuko ubaki umefungwa hadi kesho yake, ama sivyo jasho la baridi litaganda juu ya filamu.

Picha za karatasi msizilowanishe kabisa. Taswira imekaa ndani ya jelatini, na jelatini yenye kuvu ikipata maji inakuwa kama uji, kitambaa kinaiondoa pamoja na picha. Vumbi lipeperushwe kwa brashi laini kavu. Zilizogandana ziacheni ziwe zimegandana. Kisha skani, si simu: doti 1200 kwa inchi, faili za TIFF (zisizopoteza ubora), mbele na nyuma, ukanda wa pembeni uonekane wote. Bahasha ziwe za karatasi isiyo na asidi, na nambari iandikwe kwa penseli kabla picha haijaingia.

Na katika hiyo mikebe mitatu, anzeni kuskani ule wa asetati unaonuka zaidi. Filamu yake ikishaanza kujikunja na kusinyaa, skana haitaweza kuilaza tena.