Kabla hujanunua mashine kuukuu ya kuvunia mahindi, pima mistari yako

Kijana mmoja wa Wete kanitumia meseji usiku, kapata mashine kuukuu ya kuvunia mahindi, ile ya mstari mmoja inayokokotwa na trekta, bei nzuri anasema, mjomba ninunue au niache? Nimeikalia mpaka asubuhi, maana mie wakati wangu sikuwa na wa kumuuliza.

Yangu niliishusha bandarini Malindi, hapa Unguja, kwa furaha kama nimeoa. Kwa wasioijua, haipukuchui. Rola mbili zinavuta bua kwenda chini, hindi likifika pale linakwama linakwanyuka, linapanda kwenye rola nyengine za mpira na chuma zinaambua maganda, kisha cheni inalitupa kwenye tela, zima na gunzi lake.

Sasa mie konde langu la Ndijani nilipanda kama tulivyozoea, sentimita 75 mstari kwa mstari, kunde katikati. Na mashine hizi za zamani Marekani zilitengenezewa mistari ya kama mita moja! Pua lake likiingia mstari huu linalaza wa pili, na zile kunde zikajisokota kwenye rola, kila hatua ishirini tunasimama. Mpwa wangu kaona tunachelewa, katia mkono avute bua na trekta linaunguruma. Nilipiga ukelele. Rola ikabeba mkono wa shati, kitambaa kikachanika mpaka begani, alhamdulillahi kilichanika. Mtoto anatetemeka. Nilizima nikakaa chini pale pale kwenye mabua, na mpaka leo nikiisikia ile cheni moyo unanienda mbio. Jamani rola ile inavuta haraka kuliko unavyowahi kuliachia bua, Marekani wakulima wengi wamepoteza mikono hivyo hivyo. ZIMA KWANZA.

Vijana mnakimbilia chombo kabla ya kupanga konde. Mashine haitofuata upandaji wako, wewe ndo unaifuata. Pima mistari!

Masika ya mwaka huu nimepanda sentimita 90, mahindi matupu, pembeni tukavuna kwa mkono trekta lipate pa kuingilia, na sikungoja yakauke kabisa, maana yakikauka sana punje zinapukutika kwenye rola na mengine yanaanguka chini, yakiwa mabichi maganda hayatoki. Niliingia unyevu uko kama asilimia 20. Ila hayo usiyatie ghalani, kwa joto letu hili yataota ukungu, yatandaze uchagani mpaka asilimia 13 ndo upukuchue. Nyinyi wa Pemba kuanika mnakujua, karafuu zimekufunzeni. Tela zilijaa mashallah, na wale wale walionicheka njiani wamekuja kuomba niwavunie.

Kwa hiyo mwanangu, kama konde lako ni tambarare na mistari umeipima, nunua. Kama ni vilima au maweni, au unauza mabichi ya kuchoma, iache, mikono inatosha. Na spea ulizia kabla hujatoa pesa, hasa zile rola za mpira.

Nitumie picha ya rola kwa karibu, na upana wa mistari yako uliopima kwa futikamba, usikisie kwa macho. Ntakujibu baada ya isha.