Je, ni kweli hukumu za jaji wetu hutenguliwa sana?

Swali: Shikamoo wakili. Rufaa yetu ya shamba la marehemu baba iko Mahakama Kuu hapa Kigoma. Jirani anadai jaji tuliyepangiwa ametenguliwa mara nyingi na Mahakama ya Rufani, anatushauri tuombe mwingine. Nitaijuaje rekodi yake? – Msomaji, Kasulu

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukumu za mahakama si siri. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu, Mahakama inaziweka humo bure, kisha tafuta kwa jina la jaji. Ukiona herufi TZHC, hiyo ni Mahakama Kuu. TZCA ni Mahakama ya Rufani. Usiishie masjala ya Kigoma, maana majaji huhamishwa vituo. Isitoshe, zamani mashauri ya Kigoma yalikuwa chini ya Mahakama Kuu Tabora, kwa hiyo hukumu ya shamba la Kasulu unaweza kuikuta Tabora. Nyingi za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza, kwani Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Tafuta wa kukusomea.

Ukizipata, nakusihi usizihesabu tu. Mtazame Jaji James Mwalusanya. Mwaka 1990, akiwa Mwanza, aliamua rufaa ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mama Holaria aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na mila ya Kihaya ilimkataza. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba, mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Hadi leo sisi mawakili tunainukuu. Mwaka 1994, akiwa Dodoma, akaamua katika shauri la Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikamtengua. Lakini soma ndani: ilikubaliana naye kuwa adhabu hiyo ni ya kikatili na inadhalilisha, ila ikaona ibara ya 30(2) ya Katiba inairuhusu. Mtu anayehesabu angeandika "ametenguliwa" akafunga daftari.

Kwenye ardhi ndiko hesabu inakodanganya zaidi. Zipo hukumu zilizofutwa Rufani kwa sababu maoni ya wazee wa baraza, yaani washauri wanaokaa na mwenyekiti, hayakuandikwa, au hayakusomwa mbele ya wadaawa, yaani pande za kesi. Kosa lilifanyika chini, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenendo wa baraza, yaani kumbukumbu za shauri lilivyosikilizwa, ukifutwa, hukumu ya Mahakama Kuu iliyoujengea juu nayo huanguka, na familia inaanza upya baada ya miaka ya nauli na ada. Hili linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu lingeweza kuonekana mapema.

Kuhusu kubadilishiwa jaji: kutenguliwa huko nyuma si sababu. Jaji huombwa ajitoe kwa jambo la msingi, mfano undugu na mdaawa au masilahi katika shamba lenyewe, na ombi hilo mnampelekea yeye mwenyewe, kwa heshima na kwa ushahidi.

Wiki hii chukueni nakala ya mwenendo wa baraza. Tafuteni ukurasa wenye maoni ya wazee wa baraza, muone yalisomwa tarehe gani, na kama siku hiyo mlikuwepo.