Usiiguse pH ya bafa ya glisini

Wadogo zangu wa benchi, kila kundi jipya likiingia maabara, kosa ni lile lile. Bafa ya Trisi na glisini, yaani kimiminika cha kushikilia pH tunapoendesha protini kwenye jeli kwa umeme, imekorogwa vizuri, kipima pH kinasoma 8.5, mkono tayari uko kwenye chupa ya HCl (asidi) ili kuishusha pH. Rudisha chupa hiyo kabatini.

1. Stoku ya 10X (iliyokolea mara kumi), lita moja: Trisi besi gramu 30.3, glisini gramu 144, SDS (sabuni inayozipa protini chaji hasi) gramu 10. Ukiizimua mara kumi unapata Trisi milimola 25, glisini milimola 192 na SDS asilimia 0.1. pH hujipanga yenyewe karibu na 8.3.

Sasa elewa kwa nini haiguswi. Katika mfumo wa jeli aliouchapisha mtafiti Laemmli mwaka 1970, kloraidi ya kwenye jeli hutangulia na glisini ya kwenye bafa hufuata nyuma. Jeli ya juu ina pH 6.8. Hapo kwa glisini nyingi jumla ya chaji ni sifuri, kwa hiyo inajikokota, na protini zinabanwa katikati hadi kuwa mstari mwembamba. Zikifika jeli ya chini, pH 8.8, glisini inapata chaji hasi, inazipita protini, nazo zinaanza kuachana kwa ukubwa. Ukitia HCl kwenye bafa umeleta kloraidi nyuma ya protini, mahali palipohitaji kitu cha polepole. Mbanano unavunjika. Kwa volti zile zile mkondo unapanda, jeli inapata joto, bendi zinakuwa nene na kupinda. Halafu mtu analaumu sampuli!

2. Soma lebo yote. Glisini ni gramu 75.07 kwa moli. Glisini hidrokloraidi ni 111.5, na chupa zake hukaa rafu moja. Ukipima gramu 144 za hidrokloraidi, pH inaanguka hadi karibu 2. Mgeni huikimbilia NaOH (alkali), anaifikisha 8.3, anafurahi. Lakini bafa ya kazi sasa ina kloraidi karibu milimola 129, na glisini imepungua kwa theluthi. Namba kwenye kipima ni sahihi, bafa ni mbovu. pH ikiwa mbali na 8.3, mwaga upime upya. Tafadhali, msijaribu kuiokoa.

3. SDS iwe ya mwisho, koroga taratibu isitoe povu, na vaa barakoa unapoipima. Stoku isikae kwenye friji. SDS itaganda chini.

4. Bafa ya kuhamishia protini kwenye utando nayo haiguswi.

5. HCl ina kazi yake halali: glisini mola 0.1 iliyoshushwa hadi pH 2.5 hivi, ya kung'oa kingamwili kwenye safu ya protini A, protini inayozinasa. Hapo tanguliza Trisi mola 1, pH 8 hadi 9, moja ya kumi ya ujazo, ndani ya kila mrija wa kukusanyia kabla tone la kwanza halijaanguka, maana kingamwili zikikawia kwenye asidi huharibika.